Moyo uliopiga chini ya mbao: tumwamini wapi msimulizi wa Poe, na tusimwamini wapi?

Mdadisi

Wanajukwaa, nawasalimu. Kikundi chetu cha kusoma hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na safari hii nimepewa kazi ya kuongoza mazungumzo kuhusu hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe iitwayo "The Tell-Tale Heart", iliyotoka mara ya kwanza Januari 1843, ambayo sisi wenyewe kikundini tunaiita "Moyo Uliofichua Siri". Ni hadithi fupi sana, mtu huimaliza kabla chai haijapoa, lakini nimeirudia mara tano na kila mara nimebaki na swali lilelile.

Kwa faida ya ambao hawajaisoma, mambo yenyewe ni haya. Mtu asiyetajwa jina anaishi nyumba moja na mzee mmoja. Anasema anampenda mzee huyo, hajawahi kutendewa ubaya wala kutukanwa naye, na dhahabu yake haitamani. Ila jicho moja la mzee, la buluu iliyofifia, lenye utando juu yake, linalofanana na jicho la tumbusi, linamgandisha damu kila linapomwangukia, naye anaamua kumwua ili aepukane nalo. Usiku saba mfululizo, saa sita, anafungua mlango wa chumba cha mzee polepole, anapenyeza kichwa, kisha anaachia mwali mmoja mwembamba wa taa iliyofunikwa uangukie kwenye jicho. Kila mara jicho limefumbwa, hivyo anaondoka. Usiku wa nane mzee anazinduka, jicho liko wazi, na msimulizi anaanza kusikia mapigo ya moyo. Anamrukia, anamwangusha sakafuni, anamvutia kitanda kizito juu yake, anaukatakata mwili na kuuficha chini ya mbao tatu za sakafu. Saa kumi alfajiri polisi watatu wanabisha hodi, kwa kuwa jirani amesikia ukelele. Anawakaribisha, anawatembeza nyumba nzima, anakaa juu ya mahali alipomfukia mzee, na huku wakizungumza anausikia tena ule moyo ukipiga kwa nguvu zaidi na zaidi, mpaka anapiga kelele na kukiri.

Shida yangu ni hii. Wote tunakubaliana kwamba huyu ni msimulizi asiyeaminika. Lakini nikishakubali kwamba moyo wa maiti haupigi, na kwa hiyo hapo ametudanganya au amejidanganya, ninashindwa kujua nisimame wapi. Kwa nini nimwamini kuhusu polisi, au kuhusu jicho? Mwenzetu mmoja amekwenda mbali zaidi na kusema kwamba huenda hapakuwa na mzee wala mauaji, yote ni ndoto ya mgonjwa aliyefungiwa mahali. Mwingine anasema hakuna la kujadili, kwani moyo ule ni dhamiri yake inayomsuta, basi. Majibu yote mawili hayaniridhishi, ila sijui niyapinge kwa hoja gani. Naomba msaada wa walioisoma kwa makini.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mdadisi, swali lako ni zuri kuliko unavyolidhania, kwa sababu wengi wakishajifunza istilahi hii ya msimulizi asiyeaminika, aliyotuachia mhakiki Wayne Booth katika kitabu chake cha 1961, huitumia kama mhuri: wanaugonga juu ya hadithi na kazi inaishia hapo. Nimefundisha fasihi kwa muda mrefu na nimesahihisha insha nyingi zilizosema tu kwamba "msimulizi ni mwendawazimu, kwa hiyo hatumwamini". Insha ya namna hiyo haijaanza kusoma.

Sisi tumelelewa na ngano. Fanani akisema "Paukwa" tunaitikia "Pakawa", na tangu hapo tumekwisha kumpa fanani imani yetu yote: akisema sungura alizungumza, basi alizungumza. Msimulizi wa Poe anaidai imani hiyohiyo. Anatuambia tusikilize, tutazame, tuone jinsi anavyoweza kutusimulia kisa chote kwa utulivu na kwa afya ya akili. Tofauti ni kwamba hapa hadhira haikuitikia. Hadhira imeshasema jambo kabla hadithi haijaanza, na jambo lenyewe ni kwamba yeye ana wazimu. Neno lake la kwanza ni "Kweli!", na mtu haanzi mazungumzo kwa "kweli" isipokuwa anajibu. Kwa hiyo tunachokisoma ni utetezi. Ushahidi na utetezi ni vitu viwili, na ukilishika hilo utaanza kuona mahali pa kusimama.

Jiulize, kwa kila sentensi: hapa mtu huyu anajitetea dhidi ya nini? Hajitetei dhidi ya shtaka la kuua. Hilo anatupa bila kuombwa, pamoja na mbao tatu na beseni lililokinga damu. Hakuna faida yoyote anayoipata kwa kuubuni mwili uliokatwa kichwa, mikono na miguu. Anachokipigania ni akili yake timamu, na ni hapo hasa ndipo maneno yake yanapolegea. Kwa sababu hiyo simkubali mwenzenu anayesema hapakuwa na mzee. Ukimfuta mzee, unafuta pia kitu ambacho msimulizi anakihitaji ili ajisifu, na hadithi nzima imejengwa juu ya kujisifu kwake: jinsi alivyokuwa mwangalifu, jinsi ilivyomchukua saa nzima kupenyeza kichwa chake mlangoni, jinsi mwendawazimu asivyoweza kuwa na hekima kama hiyo. Anadhani utaratibu ni uthibitisho wa akili. Msomaji anaona kinyume chake, kwamba mtu anayetumia saa nzima kupenyeza kichwa mlangoni ana tatizo, na tatizo lake si uzembe.

Sasa nikuonyeshe sehemu moja ambayo nilikuwa nawaomba wanafunzi waisome kwa kalamu ya risasi mkononi. Usiku wa nane kidole gumba cha msimulizi kinateleza kwenye kifungio cha bati cha taa, na mzee anaruka kitandani akiuliza, "Nani yupo hapo?" Hayo ndiyo maneno pekee ambayo mzee anayasema katika hadithi yote. Baada ya hapo msimulizi anatuarifu kwa kirefu yaliyo moyoni mwa mzee: kwamba hofu inamzidi, kwamba anajaribu kujifariji kuwa ni upepo tu kwenye dohani, ni panya tu anayekatiza sakafuni, ni nyenje tu aliyelia mara moja. Nani aliyasikia hayo? Hakuna. Chumba ni giza totoro, mzee yuko kimya, na msimulizi amesimama mlangoni bila kutikisa msuli kwa saa nzima. Halafu anatuambia mwenyewe chanzo cha ujuzi wake: anaujua mgumio ule wa hofu ya kufa kwa sababu usiku mwingi, dunia nzima ikiwa imelala, umetoka kifuani mwake mwenyewe. Anasema mzee alikaa kitandani akisikiliza, kama yeye alivyofanya usiku baada ya usiku, akisikiliza wadudu watoboao mbao wakigonga ukutani, wadudu ambao Waingereza wa zamani waliamini kwamba kugonga kwao ni dalili ya kifo.

Hapo Poe ametupa ufunguo wazi kabisa. Hofu anayoiweka kifuani mwa mzee imetoka kifuani mwake. Ukishaliona hilo, basi moyo anaousikia usiku ule, na moyo anaousikia tena mbele ya polisi, hauhitaji uchawi wala zuka. Ona pia kwamba anazieleza sauti hizo mbili kwa maneno yaleyale: sauti ya chini, nzito, ya haraka, kama ya saa iliyofungwa ndani ya pamba. Moyo mmoja, kifua kimoja.

Jambo hili ndilo linaloifanya hadithi hii kuwa kubwa katika fasihi ya Kigothi, yaani ya hadithi za kutisha. Tangu Horace Walpole alipochapisha "The Castle of Otranto" mwaka 1764, wasomaji walizoea kutishwa kwa makasri, mahandaki na mizuka. Hapa hakuna kasri. Kuna chumba kimoja, taa moja na mtu anayesikiliza, na jengo lenye mizuka limehamia ndani ya kichwa cha anayetusimulia.

Wakili Msomaji

Naongeza jambo fupi kwa upande wa sheria, kwa kuwa Mwalimu ametaja utetezi.

Mwezi uleule hadithi hii ilipotoka, tarehe 20 Januari 1843, jijini London, mtu aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye akafa baada ya siku chache. Mahakama ilimwona M'Naghten hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili, watu wakakasirika, na majaji wakalazimika kufafanua kanuni ambazo mpaka leo zinasikika katika sheria za jinai za Kenya na Tanzania: je, mtu huyu alijua anachokifanya, na je, alijua kwamba hakupaswa kukifanya? Poe hakuweza kuwa ameitumia kesi hiyo, lakini mjadala ulikuwapo tayari Marekani. Daktari Isaac Ray alikwisha kuchapisha kitabu chake juu ya wazimu na sheria mwaka 1838.

Kinachonigusa ni kwamba msimulizi anaugeuza utetezi huo kichwa chini. Wakili yeyote angemshauri aseme ana maradhi, maana ndiyo njia pekee ya kuikwepa kamba. Yeye anayakubali maradhi, kisha anadai yamezinoa hisi zake, hayakuzitia butu, na anang'ang'ania kwamba alijua kila alichokifanya. Mtu anayesema uongo ili ajiokoe hasemi hivyo. Kwa hiyo nakubaliana na Mwalimu: kuhusu matendo yake namwamini, kwa sababu maneno yake yanamwangamiza mwenyewe.

Mjukuu wa Shinyanga

Naomba tuzungumze kuhusu jicho, kwa sababu naona wote mmelipita kwa haraka, na mimi sikuweza kulipita.

Msimulizi analieleza jicho la mzee kuwa la rangi iliyofifia na lenye utando. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: huo ni mtoto wa jicho. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao kwenye macho yote mawili. Kabla ya kumiminiwa chai alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kikombe ili ajue kilipo, na ukimwita kutoka mlangoni alikugeuzia sikio, uso ukabaki ukiangalia ukutani. Watoto wa jirani walikuwa wakisema bibi anawakodolea macho. Hakuwa akiwakodolea, hakuwaona kabisa. Aliwasikia.

Kwa hiyo niliposoma kwamba mtu huyu anateseka kwa kutazamwa na jicho lile, swali langu la kwanza lilikuwa: je, jicho lile lilikuwa likiona chochote? Hadithi haisemi. Lakini usiku wa nane mzee hakuamshwa na mwanga, aliamshwa na sauti ya kidole kilichoteleza kwenye bati. Watu wawili wako gizani wakisikilizana kwa saa nzima, na mmoja wao ameshika taa na bado anaamini kwamba yeye ndiye anayetazamwa.

Tena msimulizi analiita jicho hilo Jicho Baya, kwa herufi kubwa. Sisi tunalo jicho la husuda, na wazee wetu wana maelezo yake: mtu huona kizuri cha mwenziwe, moyo ukamwuma, jicho likadhuru. Mzee wa Poe hahusudu kitu. Msimulizi mwenyewe anakiri kwamba hajawahi kumkosea. Basi ni Jicho Baya lisilo na ubaya wowote uliotajwa, isipokuwa ugonjwa wa uzee.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ninakotoka jambo hili si la vitabuni tu. Katika baadhi ya vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Nilipofika pale msimulizi anaposema hakumchukia mzee bali jicho lake tu, ilinibidi nikifunge kitabu. Nimeshawahi kusikia sentensi inayofanana na hiyo ikisemwa kwa Kisukuma.

Mfasiri

Dada yangu wa Shinyanga, pole, na ahsante kwa kulileta hilo. Sitalipunguza uzito, ila nitaweka tofauti moja inayosaidia kuielewa hadithi. Aliyeua kwa sababu ya macho mekundu alikuwa na kijiji nyuma yake. Imani ilikuwa ya wengi, na sababu ilikuwapo kabla ya tendo. Msimulizi wa Poe yuko peke yake, na sababu anaitafuta mbele ya macho yetu. Anaanza kwa kusema haiwezekani kueleza wazo lilimwingiaje kichwani. Anafuta sababu moja baada ya nyingine: hapakuwa na lengo, hapakuwa na hasira, hapakuwa na tamaa. Ndipo anaposema, "Nadhani ilikuwa jicho lake! Naam, ilikuwa hilo!" Nawaomba mlitazame hilo neno "nadhani". Mtu aliyeua kwa sababu ya jicho angejua. Huyu ameua kwanza, akaupata ufafanuzi wake katikati ya sentensi, akafurahi kuupata.

Nimewahi kuifasiri hadithi hii kwa matumizi ya darasani, na kuna mambo mawili ambayo lugha yetu ilinilazimisha kuyaamua, na kila moja lilinifundisha kitu kuhusu msimulizi.

La kwanza ni anayeambiwa. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi. Mimi sikuweza kukwepa: ama niandike "kwa nini unang'ang'ania kusema nina wazimu", ama "kwa nini mnang'ang'ania". Ukichagua "wewe", msomaji anamwona daktari, au kasisi, au hakimu mmoja aliyekaa mbele yake. Nilianza hivyo. Lakini nilipofika mwishoni, pale anapowapigia kelele polisi, "Waovu ninyi! Msijifanye tena! Nakiri! Ng'oeni mbao! Hapa, hapa!", nilirudi mwanzo na kubadilisha kote kuwa "ninyi". Nilitaka msomaji aisikie "ninyi" ya mwisho na kutambua kwamba ni ileile ya sentensi ya kwanza, kwamba mtu huyu hajatoka katika chumba kile, na sisi tunaosoma tumeketi kwenye viti vya wale polisi watatu.

La pili ndilo kubwa, nalo linahusu mwenzenu, ndugu Mdadisi, anayesema kwamba moyo ule ni dhamiri. Katika Kiswahili jibu hilo linakuja lenyewe, bila kufikiri, kwa sababu kwetu moyo ndio mahali pa kusutwa. Tunasema moyo unamsuta, moyo umemshtaki, moyo hauna amani. Kichwa cha hadithi kikifika katika lugha yetu kimeshavaa tafsiri hiyo. Nami niliiamini kwa muda mrefu, mpaka siku nilipotafuta katika matini neno moja tu la majuto ili niitafsiri vizuri hali ya kusutwa. Sikulipata. Baada ya kuua anatabasamu. Baada ya kuficha mwili anacheka, na Poe ameuandika mcheko huo kwa herufi. Anawafungulia polisi kwa moyo mwepesi. Hamhurumii mzee hata mara moja baada ya kifo chake, na hata mwisho anauita moyo wa mzee kuwa ni wa kuchukiza.

Kwa nini basi anakiri? Anatuambia mwenyewe. Anaamini kwamba polisi wanasikia, wanashuku, wanajua, na wanaendelea kutabasamu na kupiga soga ili wamdhihaki katika hofu yake. Anasema chochote ni afadhali kuliko mateso yale, chochote kinavumilika kuliko dhihaka ile. Kinachomvunja ni kuchekwa. Mtu huyu amejivunia akili yake tangu mstari wa kwanza, na anadhani watu watatu wameketi sebuleni wakiifanyia mzaha. Kukiri kwake ni njia ya kuwaonyesha kwamba hawajamzidi ujanja, kwamba na yeye anajua kuwa wanajua. Hiyo ni fahari. Ukiiita majuto unampa kitu ambacho yeye mwenyewe hakudai kuwa nacho.

Mdadisi

Nawashukuru nyote, na nakiri kwamba nimeirudia hadithi kwa mara ya sita baada ya kusoma majibu haya. Nimebaki na jambo moja. Mfasiri anasema polisi hawakuwa wakimdhihaki. Tunajuaje? Mwalimu ametufundisha kwamba mtu huyu huwawekea wengine vifuani yaliyo kifuani mwake, lakini huenda mara hii amepatia. Polisi wenye uzoefu wanaweza kabisa kukaa na kuzungumza mambo ya kawaida huku wakimtazama mshukiwa anavyobadilika rangi.

Mwalimu Mstaafu

Hapo umenikamata mahali pazuri, na sitakujibu kwa uhakika ambao matini hayanipi. Nitakuonyesha tu kile kinachoonekana.

Kwanza, kwa nini polisi walikuja? Jirani alisikia ukelele. Msimulizi anawaambia kwamba ukelele ule ulikuwa wake mwenyewe, alipokuwa akiota, na tunauchukulia huo kuwa uongo mtupu kwa sababu tunakumbuka kwamba mzee alipiga ukelele mara moja. Rudi nyuma sentensi moja. Kabla ya mzee kulia, msimulizi anasema kwamba yeye mwenyewe aliingia chumbani kwa kupiga yowe kubwa. Kati ya yowe kubwa la mtu mzima mwenye nguvu na ukelele mmoja wa mzee aliyeshikwa na hofu, jirani alisikia upi? Sijui mtu mwingine analionaje, lakini mimi naamini kwamba mara ile moja aliyodhani anadanganya, alikuwa anasema kweli. Usiku saba wa uangalifu, saa nzima ya kupenyeza kichwa, halafu anaingia kwa yowe linalosikika nyumba ya pili, na anapotusimulia halimshtui hata kidogo! Haoni kwamba ameusema uthibitisho wa kinyume cha kila alichotuambia.

Pili, kuhusu polisi wenyewe. Tunawaona kwa macho yake tu, lakini kwa muda mfupi macho yake hayana sababu ya kupotosha. Anasema waliridhika, kwamba namna yake iliwashawishi, kwamba yeye alikuwa mtulivu kupita kawaida. Mara kichwa kinamwuma na anadhani anasikia mlio masikioni. Anasema "masikioni" yeye mwenyewe! Anaanza kuongea zaidi ili auondoe mlio, mlio unazidi, na ndipo anapoamua kwamba hauko ndani ya masikio yake. Tunauona uamuzi huo ukifanyika. Baadaye anatembea huku na huku, anatokwa povu, anaapa, anaburuza kiti juu ya mbao, na anashangaa kwamba wale watatu bado wanazungumza kwa uchangamfu. Inawezekana, kama unavyosema, kwamba walikuwa wakimpa kamba ajifunge. Inawezekana pia kwamba hakusimama wala hakuburuza kiti, na kwamba hata kelele zile alizozipiga zilikuwa kichwani tu mpaka ile ya mwisho. Mimi naegemea upande huu wa pili. Watu watatu wenye kazi yao hawaendelei kupiga soga mbele ya mtu anayetokwa povu. Kama wanaendelea, ni kwa sababu povu hawalioni.

Mfasiri

Mwalimu, naunga mkono, na ninaongeza sentensi moja ambayo ilinichukua jioni nzima. Pale anaposema kwamba polisi walijua na walikuwa wakimdhihaki, msimulizi anaongeza maneno machache ambayo nimeyaandika hivi: "Hivyo ndivyo nilivyodhani, na hivyo ndivyo ninavyodhani hata sasa." Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na wakati uliopita tu, kwa sababu niliona wa pili ni wa kurudiarudia. Nilikuwa nimeikata shingo ya hadithi. Wakati uliopo ule ndio unaotuonyesha kwamba hajapona, hajatulia, na kwamba aliyeahidi kutusimulia kwa utulivu bado anawasikia watu watatu wakimcheka.

Halafu tahadhari kwa yeyote atakayeisoma kwa sauti mbele ya wengine: msiweke "eti". Kiswahili kinatupa neno hilo dogo la kuonyesha kwamba hatuyaamini tunayoyanukuu, na mkono wa mfasiri unawashwa kuliandika, "eti anampenda mzee", "eti ana akili timamu". Ukiliweka, umemfanyia msomaji kazi yake. Poe hakuweka. Sauti ile lazima iende wima, ikijiamini, mpaka mwisho.

Mdadisi

Nimeelewa, na nitabadilisha mpango wangu wa Jumamosi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya istilahi kwanza. Sasa nitagawa nakala na kalamu za risasi, na kumwomba kila mtu apige mstari chini ya maneno ambayo mzee aliyasema kweli, kisha tuone ni wangapi watakaopiga mstari chini ya ule upepo wa dohani. Mwenzetu wa dhamiri nitamwomba atutafutie sentensi ya majuto. Nitampa muda wa kutosha, kwa sababu akiipata itabidi sote tuanze upya.

Dada wa Shinyanga, kwa ruhusa yako ningependa kuwasimulia kuhusu bibi na kikombe cha chai, bila kumtaja jina, kabla hatujafika kwenye jicho.

Mjukuu wa Shinyanga

Wasimulie. Na ukifika pale, waambie pia kwamba alikuwa akijua ni nani ameingia kwa hatua za miguu tu, na kwamba hakukosea hata mara moja.